Kutoka AUTO hadi kuamua mwenyewe: kuanza kupiga picha na kamera kubwa hapa Lubumbashi

Bibi harusi amesimama mbele ya ukuta mweupe, jua liko utosini. Kamera ni ya bei, lenzi ni safi, gurudumu la juu liko kwenye AUTO. Foto inatoka na gauni la kijivu, uso mweusi, macho hayaonekani. Pembeni shangazi yake amepiga na simu, na picha yake inapendeza zaidi. Wengi wanaonunua kamera kubwa hufika hapa ndani ya wiki ya kwanza, na baadhi huirudisha kwenye boksi.

Sababu inaeleweka. Simu hupiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja, ikazichanganya, ikang'arisha uso na kupunguza ukali wa ukuta bila kukuuliza. Kamera kubwa hupima mwanga mara moja, hupiga mara moja, na yale mengine inakuachia wewe. Ukiiacha kwenye AUTO umelipia maamuzi ambayo hutumii. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuyatumia, kwa mwanga wa hapa Lubumbashi, ngozi za watu wa hapa na vumbi letu jekundu.

Kabla ya picha ya kwanza

Chungulia kwenye dirisha dogo la nyuma. Kama maandishi na nambari za ndani zina ukungu, usilaumu lenzi. Pembeni ya dirisha hilo kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kwa jicho lako. Kizungushe mpaka nambari ziwe kali, basi. Watu hupiga miezi wakidhani fokasi ya kamera ni mbovu, kumbe ni kigurudumu hicho kilichosogea ndani ya mfuko.

Weka kadi na uifomati ndani ya kamera yenyewe, usiifomati kwenye kompyuta. Kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja ya GB 128, kwa sababu kadi ikifa unapoteza nusu ya ndoa badala ya ndoa nzima. Usiitoe kadi wakati taa ndogo ya nyuma inawakawaka: kamera bado inaandika, na faili iliyokatwa katikati haifunguki tena.

Kwenye menyu chagua RAW pamoja na JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa. RAW ni data yote jinsi kihisi, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kilivyoiona. Kwa kamera ya megapikseli 24 faili moja huchukua MB 25 hadi 30, hivyo kadi ya GB 32 hubeba RAW elfu moja hivi, pungufu ukiweka na JPEG. Nafasi hiyo inaliwa kwa faida, maana picha iliyokosewa rangi au iliyoingia giza kidogo hurekebishika kwenye RAW, na kwenye JPEG hurekebishika kwa shida na kwa kuharibu.

Chaji betri mbili usiku umeme ukiwepo. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haingoji ndoa yako. Betri za bandia ni nyingi sokoni. Ile inayovimba mpaka inakwama ndani ya kamera usiichaji tena.

Herufi A, na mambo matatu

Zungusha gurudumu la juu hadi A (kwenye Canon ni Av). Hapo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi ya shata. Kaa hapo mwezi mzima. Kuna wanaokuambia uruke moja kwa moja hadi M, ambapo kila kitu unakichagua mwenyewe, ili uwe mpiga picha wa kweli. Hatukubaliani nao: anayeanza na M hushughulika na nambari tatu kwa pamoja, na mtu anayempiga ameshachoka kutabasamu.

Tundu hupimwa kwa f. Nambari ndogo ni tundu kubwa. Hilo huwachanganya wote mwanzoni, lakini ni hesabu ya kugawanya tu: lenzi ya mm 50 ikiwa f/2 ina tundu la mm 25, ikiwa f/10 ina tundu la mm 5. Ngazi ni 1.8, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kutoka 2.8 kwenda 4, au 4 kwenda 5.6, mwanga unapungua nusu kila hatua.

Tundu pia ndilo linaloamua sehemu gani ya picha itakuwa kali kutoka mbele kwenda nyuma. Lione kwa macho yako. Panga chupa tatu juu ya meza, kila moja sentimita 10 nyuma ya mwenzake na kidogo pembeni. Kaa mita moja na nusu kutoka chupa ya kati, na lenzi ya mm 50, fokasi kwenye lebo yake. Piga kwa f/1.8: eneo lililo kali ni sentimita 6 hivi tu, chupa ya mbele na ya nyuma zinayeyuka. Piga tena kwa f/8: eneo linafika karibu sentimita 27, na chupa zote tatu zinasomeka. Kama una lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ivute hadi 55, sogea hadi mita moja na upige kwa f/5.6, utapata ukali wa sentimita 7 hivi. Wenye lenzi hiyo hulalamika kwamba haifuti mandhari nyuma ya mtu. Inafuta, ukimkaribia mtu na ukimwondoa mtu ukutani. Mtu aliyeegemea ukuta hatatengana nao kwa lenzi yoyote. Msogeze mbele mita tatu.

Kasi ya shata, yaani muda pazia linapokuwa wazi, inaharibu picha nyingi kuliko kitu kingine chochote kwa wanaoanza, kwa kuwa kwenye skrini ndogo mtikisiko hauonekani. Kuna mitikisiko miwili. Wa kwanza ni wa mkono wako: chukua urefu wa lenzi, zidisha kwa 1.5 kama kihisi ni cha ukubwa mdogo uitwao APS-C (kamera nyingi za bei ya kati ndizo hizo), na usipige polepole kuliko hapo. Lenzi ya 50 inataka 1/80 au zaidi, ya 200 inataka 1/320. Wa pili ni wa mtu mwenyewe, na kidhibiti-mtikisiko cha lenzi hakiuzuii. Mtu aliyesimama anataka 1/125, anayetembea 1/250, mtoto anayecheza 1/500, mpira kwenye uwanja wa vumbi kule Katuba 1/1000. Kuza picha kwenye skrini na uangalie: kama kila kitu kimevutika upande mmoja, ni mkono wako. Kama ukuta ni mkali na mtu ana ukungu, yeye ndiye aliyesogea.

ISO ni ukuzaji wa mwanga uliopokelewa. 100 juani, 400 kivulini, 1600 ndani ya kanisa. Ikipanda inaleta chengachenga, lakini picha yenye chengachenga inauzika na picha iliyotikisika haiuziki, hivyo usiogope 3200. Weka ISO ya kujiendesha, kikomo 3200, kasi ya chini 1/125, halafu isahau mpaka ujue unachotaka kuibadilishia.

Jua la wazi la kiangazi chetu, lisilo na wingu, lina kipimo unachoweza kubeba kichwani: f/16, ISO 100, shata 1/100 au 1/125. Ukifungua hadi f/8 ni 1/500. Kamera ikikupa nambari za mbali sana na hizo wakati jua linawaka, kuna kitu umekigusa bila kujua, mara nyingi ISO iliyobaki 3200 tangu usiku wa jana.

Kamera inataka kijivu

Hapa tulia, maana ndipo gauni la kijivu na uso mweusi vilipotokea.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kama kinatazama gauni, makaa au mchanga. Kinajua kiasi cha mwanga uliorudi tu, na kimefundishwa kuamini kwamba dunia kwa wastani ni kijivu cha katikati. Ukikionyesha nyeupe tupu, kinadhani mwanga ni mwingi mno na kinaushusha hadi kijivu. Ukikionyesha nyeusi tupu, kinadhani ni giza na kinaupandisha hadi kijivu.

Fanya jaribio la vitambaa vitatu siku moja kivulini: shati jeupe, suruali nyeusi, na kikwembe chenye rangi mchanganyiko. Jaza fremu kwa kila kimoja, ISO 100, hali ya A, f/5.6. Utaona shati na suruali vinatoka karibu sawa, vyote kijivu, na kikwembe kinatoka vizuri. Sasa tafuta kitufe chenye alama ya +/− (kwenye menyu ya Kifaransa ni «correction d'exposition»). Kwa shati jeupe ongeza +1, kisha +1.7. Kwa suruali punguza −1, kisha −1.7. Kila nambari nzima ni hatua moja, yaani mara mbili ya mwanga au nusu yake. Ukimaliza jaribio hilo umejifunza kitufe utakachokitumia maisha yako yote.

Mavazi ya TP Mazembe, nyeupe na nyeusi, ni mtihani mzuri wa hatua inayofuata. Tundika jezi kivulini na upige mpaka uone nyuzi za kitambaa kwenye nyeupe na mikunjo kwenye nyeusi, vyote kwa pamoja. Kisha ihamishie juani. Utaona haiwezekani tena bila kupoteza kimoja, na utajua kwa nini kivuli ni rafiki.

Usitegemee mwangaza wa skrini kuhukumu. Juani kila picha inaonekana giza, usiku kila picha inaonekana nzuri. Washa histogramu, ule mchoro wa kilima: kushoto ni giza, kulia ni mwanga. Kilima kilichogandamana kwenye ukuta wa kulia maana yake nyeupe imeungua, na iliyoungua kabisa hairudi hata kwenye RAW. Washa pia onyo linalopepesa sehemu zilizoungua. Likipepesa kwenye kifua chote cha gauni la bibi harusi, shusha theluthi mbili za hatua (−0.7) na upige tena. Likipepesa kwenye bati linalong'aa huko nyuma, liache.

Ngozi nyeusi

Vitabu vingi vya picha vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, ambayo iko juu kidogo ya kijivu cha katikati. Ngozi za wengi wetu ziko chini yake. Uso ukijaza fremu, kamera inaupandisha na ngozi inatoka na rangi ya majivu, kama mtu mgonjwa. Punguza −0.3 hadi −1, kulingana na mtu, na utaona rangi yake ya kweli inarudi, ile yenye wekundu au ubluu wake ndani. Lakini uso ukiwa mdogo katikati ya anga au ukuta mweupe, kamera inaufanya kivuli cheusi. Hapo ongeza +1 hadi +1.7 na uache ukuta uungue kidogo. Afadhali ukuta uungue kuliko mtu apotee kwenye picha yake mwenyewe.

Njia ya uhakika zaidi ni kupima uso peke yake. Badilisha upimaji uwe wa nukta (spot), elekeza nukta kwenye shavu upande wa mwanga, shusha −0.7 hadi −1, bonyeza kitufe cha kufunga kipimo, panga fremu, piga. Kumbuka kurudisha upimaji wa kawaida ukimaliza. Nukta iliyosahauliwa juu ya shati jeupe huharibu picha hamsini zinazofuata.

Ngozi nyeusi inang'aa, na mng'ao ndio unaochora mashavu, paji na mfupa wa taya. Kinachotakiwa ni chanzo kikubwa cha mwanga kilicho pembeni. Baraza yenye paa inayotazama uwanja wazi ni studio tosha: mweke mtu hatua moja ndani ya kivuli, uso uelekee nje, wewe usimame nje. Mwanga wa uwanja mzima unamwingia usoni. Akirudi ndani mita tatu, macho yanazima. Tazama macho yake: ukiona alama nyeupe ndogo ya anga ndani ya mboni, mahali ni pazuri.

Mwembe unadanganya. Kivuli chake ni cha kijani, na kinapitisha vitone vya jua vinavyomwangukia mtu usoni kama madoa. Kama huna pengine, mpeleke kwenye ukingo wa kivuli. Upande wa giza wa uso ujaze kwa kipande cha frigoliti nyeupe, kile cha kufungia friji, sentimita 50 kwa 70 kinatosha, kishikwe nusu mita hadi mita moja kutoka usoni. Karatasi ya aluminiamu inachoma macho na kuacha mistari. Udongo wetu mwekundu nao hurudisha mwanga wa rangi ya chungwa chini ya kidevu. Kwa mzee aliyekaa kwenye kiti chake hiyo ni rangi nzuri ya nyumbani, kwa gauni jeupe ni doa. Tandika shuka jeupe chini mbele yake na doa linaondoka.

Saa za Lubumbashi

Tuko digrii 11 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linachomoza karibu 6h30 na kuzama karibu 17h55. Mwezi wa kumi na mbili ni karibu 5h45 na 18h30. Baada ya katikati ya Februari, na tena mwishoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa, na matundu ya macho yanakuwa mashimo meusi. Kati ya 10h na 15h usimweke mtu juani. Saa ya kwanza na saa ya mwisho ya jua ndizo za picha, na usichelewe: jua likishazama, giza linaingia chini ya nusu saa.

Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa hulainisha jua la jioni na kulifanya jekundu. Kamera ikiwa kwenye rangi ya kujiendesha (AWB) itajitahidi kuuondoa wekundu huo. Kwenye menyu hiyo ya rangi weka alama ya wingu na rangi itabaki kama ulivyoiona. Jakaranda zinapochanua, Septemba hadi Oktoba, piga asubuhi au chini ya wingu jepesi, kwa maana jua kali huifanya zambarau ionekane nyeupe. Msimu wa mvua ndio mzuri zaidi kwa sura za watu, ingawa wapiga picha wengi huulalamikia. Wingu zima ni taa moja kubwa.

Fokasi

Kamera mpya huja na nukta nyingi za fokasi na hupenda kuchagua kilicho karibu zaidi: mkono, shada la maua, pua. Chagua nukta moja, isogeze hadi kwenye jicho lililo karibu nawe. Kamera zisizo na kioo (mirrorless) nyingi hutambua macho zenyewe, basi tumia hilo. Kwa aliyetulia weka AF-S (One Shot kwenye Canon), kwa anayesogea AF-C (AI Servo, au Servo tu). Kosa la kawaida kwa f/1.8 ni kufunga fokasi kisha kuyumba mbele sentimita tano wakati wa kupanga fremu. Jicho linatoka na ukungu na sikio ni kali. Nenda f/2.8, au usogeze nukta badala ya mwili.

Ndani na usiku

Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa nyingi za neoni na LED za bei ndogo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata inaona. Ukipiga 1/500 utapata mistari ya giza au picha moja njano na nyingine kijani. Shuka hadi 1/100 au 1/50, na uzime shata ya kimya ya kielektroniki.

Fleshi ndogo ya juu ya kamera humpiga mtu usoni na kuacha kivuli kigumu ukutani. Fleshi ya kuchomeka inayogeuka kichwa ni bora: igeuze kwenye dari, f/4, 1/125, ISO 800. Dari lazima iwe nyeupe na isiwe juu sana. Dari ya mbao hugeuza kila mtu kuwa wa kahawia. Ukipandisha shata kupita 1/200 au 1/250 na fleshi ya kawaida, mkanda mweusi hutokea upande mmoja wa picha. Fleshi haijaharibika: pazia limefunika sehemu ya kihisi wakati taa inawaka. Rudisha 1/160.

Vumbi

Kiangazi, vumbi jekundu huingia kila mahali. Kubadilisha lenzi, zima kamera, geuka mgongo kwa upepo, elekeza mdomo wa kamera chini, lenzi mpya iwe tayari mkononi na kifuniko kimelegezwa. Sekunde tano. Usiifanyie hivyo pembeni ya barabara ya udongo.

Jaribu kihisi mara moja kwa mwezi: f/16, ISO 100, piga anga tupu bila fokasi. Madoa ya kijivu yanayobaki mahali palepale kwenye kila picha ni vumbi la kihisi. Kwa f/2.8 hayaonekani, ndiyo maana hukuyajua. Chagua usafishaji kwenye menyu ili pazia libaki wazi, betri ikiwa imejaa, geuza kamera chini, pulizia kwa mpira wa kupulizia. Usipulizie kwa mdomo, mate hukauka na kuacha doa lisilotoka kwa upepo. Makopo ya hewa yenye gesi pia yaache. Lenzi: pulizia kwanza, kisha brashi, kisha kitambaa laini. Anayeanza na kitambaa anaisugua kwa mchanga.

Msimu wa mvua adui ni ukungu wa kuvu unaoota ndani ya kioo kama utando wa buibui. Usifungie kamera kabatini miezi. Weka vifuko vya silika kwenye boksi linalofunga, na kila wiki uitoe lenzi ipate mwanga na hewa.

Ukinunua ya mkono wa pili

Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma na uutafute utando huo. Uliza kamera imepiga picha ngapi. Nyingi za daraja la kuanzia hutarajiwa kufika mara 100,000 hivi. Piga kwa f/16 uone vumbi, fungua na ufunge kila mlango, jaribu betri kwa dakika ishirini. Lenzi ya pili ya kununua ni 50 f/1.8, au 35 f/1.8 kwa APS-C kama unapiga ndani ya nyumba ndogo. Angalia herufi: Nikon D3500 na ndugu zake hazina injini ya fokasi mwilini, hivyo lenzi ya zamani yenye «AF» na «D» itapiga lakini haitavuta fokasi. Tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P (hapa AF-S ni aina ya lenzi, si ile hali ya fokasi).

Watu na mahali

Omba kwanza. «Mama, tunaweza kukupiga foto?» au «Papa, mwanga uko mzuri hapo ulipokaa, utaturuhusu?» vinafungua milango mingi kuliko lenzi ndefu ya kuibia sura za watu. Akikataa, shukuru na uondoke. Ukimwahidi nakala, mpelekee. Askari, kambi, uwanja wa ndege, mpaka wa Kasumbalesa, machimbo na viwanda: usiinue kamera bila ruhusa ya wenye mamlaka mkononi.

Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye pembe nne za fremu. Nguzo inayoota kichwani, ndoo ya plastiki, waya. Sogea hatua moja na vingi vinatoka. Mandhari ya nyuma nayo inasema. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978 na ni mmoja wa walioanzisha shirika liitwalo Picha na Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili yaliyofunguliwa mwaka 2008, aliweka wafanyakazi kutoka picha za kale za ukoloni mbele ya viwanda vya leo vilivyochakaa, na mahali penyewe pakawa nusu ya habari. Biennale inapokuwa mjini, nenda usimame mbele ya picha zilizochapishwa kwa ukubwa. Skrini ya simu haifundishi hilo.

Kompyuta na karatasi

Hamisha picha siku hiyo hiyo, nakala mbili kwenye diski mbili, ndipo ufute kadi. Darktable na RawTherapee ni programu za bure za kusafisha RAW, na zikishapakuliwa hazihitaji intaneti. Anza na mwangaza, kisha rangi, kisha kunyoosha mstari wa ardhi. Acha ngozi iwe na vinyweleo vyake. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo picha inabanwa na kazi yako inapotea.

Picha iliyochapishwa hutoka na giza kuliko skrini, kwa sababu skrini inawaka na karatasi haiwaki. Shusha mwangaza wa skrini hadi nusu unaposafisha. Kwa sentimita 10 kwa 15 toa faili ya pikseli 1181 kwa 1772, pandisha mwangaza theluthi moja ya hatua, na uchapishe moja tu. Itoe nje ya duka, iangalie kwa mwanga wa mchana, tazama gauni, kisha shavu. Kama nyuzi za gauni zinaonekana na shavu lina rangi ya mwenyewe, agiza zilizobaki.